Kofia ya Daktari wa Paka

Bibi Shamsi aliapa mbele ya watu kumi na saba, sinia la wali likiwa katikati yao, na wote waliokuwapo walijua kwamba bibi huyu akishaapa, imekwisha. Alisema mjukuu wake Ruqayya hataolewa na Muhidini, wala na sultani, mpaka bwana harusi avae kofia iliyoshonwa na bibi harusi kwa mkono wake mwenyewe, kiua kwa kiua, kama walivyofanya wanawake wa kwao tangu Barawa iwe Barawa. Kisha akaendelea kula wali wake kwa raha.

Kosa lilikuwa la Muhidini, maskini. Alikuja kuposa akiwa na kofia nyeupe mpya aliyoinunua dukani mtaa wa Ghulail, Jeddah, kofia nzuri tu kwa mtu asiyejua, nayo ilikuwa imetoka kiwandani China pamoja na dada zake elfu kumi. Bibi Shamsi alinyoosha mkono akamvua, kijana wa watu, mbele ya ami zake, akaigeuza ndani nje na kuipapasa. Halafu akamrudishia kwa ncha za vidole viwili, akamwambia kwamba hiyo imeshonwa na umeme, na umeme haujui unamshonea nani. Muhidini, ambaye ana kichwa kikubwa kuliko haja (nalisema hili kwa mapenzi), alibaki kichwa wazi akitabasamu mpaka posa ikaisha.

Kwa msiowajua, niwaeleze kwa ufupi. Barawa ni mji wa pwani ya Somalia, na wenyewe wana lugha yao, Chimiini, ambayo Mswahili akiisikia hudhani ni Kiswahili kilichokwenda safari ndefu kikarudi na mizigo. Vita vilipoingia mwaka wa tisini na moja walikimbia, wengi wakaangukia kambini Mombasa, na kutoka hapo dunia ikawagawana: huyu Leicester, yule Marekani, huyu Jeddah. Bibi Shamsi alifika Jeddah na mjukuu wa miaka miwili mgongoni, mama yake mtoto akiwa amefia kambini, akapanga nyumba Al-Baghdadiyah na kutangaza sheria zake. Ijumaa kila Mbarawa wa karibu anakula kwake. Ndani ya nyumba ni Chimiini tu, na mtoto atakayeropoka Kiarabu ataosha vyombo. Miaka ishirini na kitu baadaye, watoto wa Kibarawa wa mtaa ule walikuwa mabingwa wa kuosha vyombo.

Sheria ya tatu ilikuwa kofia, na hiyo haikuwa na adhabu kwa sababu haikuwa na wanafunzi. Kofia ya mkono si mchezo. Unatoboa vitobo vidogo kwa mamia kwenye kitambaa cheupe, kila kimoja unakizungushia uzi hadi kiwe kiua, na uzi wenyewe ni mmoja, unasafiri kutoka kiua hadi kiua bila kufungwa fundo hata mara moja. Sifa ya mshonaji iko ndani ya kofia, si nje. Ndiyo maana kwa kina Bibi Shamsi, siku tatu kabla ya nikaha, wanawake hukusanyika, kofia ya bwana harusi ikageuzwa ndani nje, ikapita mkono kwa mkono. Fundo likipatikana, mshonaji hurudi mkekani na harusi humngoja.

Ruqayya alikubali sharti palepale, tena kwa kicheko, kama anavyokubali mtu asiyejua anachokikubali. Alikuwa na miaka ishirini na minane, daktari wa mifugo mwenye shahada ya Khartoum, na mifugo aliyoitibu katika zahanati moja kaskazini mwa Riyadh ilikuwa paka. Paka wa Kiajemi wenye pasipoti, paka wanaoletwa na dereva wao, paka ambao karatasi zao zilikuwa sawa kuliko ikama, vibali vya ukaazi, za nusu ya watu wa mtaa wa Karantina kule Jeddah. Bibi Shamsi hakuwahi kuikubali kazi hiyo. Alikuwa akisema kwamba walikimbia risasi, wakavuka nchi mbili na bahari moja, ili mjukuu wake apate kumpima paka homa.

Lakini Ruqayya alimpenda Muhidini, na sioni haja ya kuzungukazunguka hapo. Alimpenda kwa miaka mitatu ya simu, Riyadh hadi Jeddah, tangu siku alipomkuta Ijumaa moja kwa Bibi akiosha vyombo mtu mzima kwa sababu ya neno moja la Kiarabu lililomponyoka. Mama yake Muhidini alikuwa anakuja kutoka Leicester kwa viza ya mwezi mmoja, na ukumbi ulikuwa umeshachukuliwa. Kofia isipokuwapo, hakuna nikaha, na mama mkwe angerudi Uingereza mikono mitupu.

Basi Ruqayya akarudi Riyadh na kitambaa, na kila Ijumaa Bibi akampigia simu kumuuliza amefika wapi. Ruqayya akajibu kwamba anaendelea. Bibi naye alisema kwamba anaendelea, ana kofia ya mwanawe, ami yake Ruqayya, mapajani, nzuri hiyo, ataiona. Wakasifiana, wakaombeana dua, wakakata simu. Mambo yakaenda hivyo miezi saba.

Aliyeugundua ukweli alikuwa Metrine, mwanamke wa Kakamega aliyekuja Saudia kama mfanyakazi wa ndani, akapata kafili mwingine, yaani mdhamini wa kibali chake, na sasa kazi yake ilikuwa kuwashika paka wakati daktari anafanya lake. Metrine alikuwa na mikono ya kushika chochote na mdomo wa kusema chochote. Siku moja alifungua droo akitafuta bandeji, akakuta kitambaa kimekunjwa, kina madoa mawili ya damu iliyokauka. Ruqayya akalazimika kumweleza yote, toka kiapo hadi mama mkwe.

Metrine akahesabu viua, na hakuchukua muda.

"Dokta," alisema, "hii miezi saba umeshona kumi na moja. Zinatakiwa mia nne na kitu. Harusi ni siku arobaini. Mimi si mtu wa hesabu lakini hapa mambo ni mafi, hakuna kitu kabisa."

Ruqayya alijitetea. Sindano inateleza, uzi unajifunga wenyewe, kidole kinachomwa, na akitoka kazini macho hayamtaki. Metrine akamwambia asihangaike: kuna mama mmoja Karantina, Jeddah, anashona kofia mchana kutwa, unampa kipimo cha kichwa, wiki tatu halas, nani atajua? Ruqayya alikaa na wazo hilo siku nzima, tena nisiseme uongo, alilipenda. Alifika hata kuitafuta namba. Kilichomzuia kwanza ni woga, maana vidole vya Bibi vingeujua mkono wa mtu baki mara moja. Kilichomzuia baadaye ni aibu. Kumdanganya Bibi kwa simu ni jambo moja. Kumwekea uongo mikononi, mikono iliyomfunga mbeleko kutoka kambini hadi hapa, hilo alishindwa.

Kesho yake waliletewa paka dume aliyerudi vitani na sikio limechanika. Ruqayya akavaa glavu, akachukua koleo dogo la kushikia sindano, na sindano ile iliyopinda kama mwezi mchanga, akamshona huku akimwuliza dereva paka anakula nini. Mishono minane, hata maelezo ya chakula hayajaisha. Metrine, aliyekuwa amemkaba mgonjwa, alimtazama daktari wake kwa muda.

"Sikio la paka anayepiga kelele unalishona kama kunywa chai," alisema. "Kitambaa kimenyamaza hapo, hakina kucha, ndicho kinakushinda?"

Hapo ndipo kofia ilipoanza kweli. Zahanati ilikuwa na maboksi ya sindano zilizopitwa na tarehe, zikingoja kutupwa, kila moja na uzi wake mweupe umeshikana nayo tangu kiwandani. Haziruhusiwi tena kwa paka, lakini kofia haina usaha. Saa ya chakula cha mchana walifunga mlango, Metrine akakibana kitambaa kipya, kisicho na damu, juu ya meza ya matibabu, mara ya kwanza akakikamata kwa mazoea pale ambapo paka hukamatwa, shingoni, ingawa kitambaa hakina shingo. Ruqayya akashona. Mkono ulikwenda wenyewe: zungusha, vuta, funga, kata. Siku ya kwanza viua tisa, siku ya tatu kumi na tano, na paka waliokuwa wakingoja nje wakajifunza subira.

Alipofika kiua cha mia na kumi ndipo alipoigeuza kofia ndani nje. Kila kiua kilikuwa na fundo. Mizunguko mitatu, imekazwa, ncha zimekatwa fupi, kama alivyofundishwa Khartoum. Mkono wa daktari hauachi mshono bila fundo, kwa sababu mgonjwa ataulamba usiku na asubuhi utamkuta wazi. Alikuwa ameyaweka mia na kumi bila kuwaza hata moja.

Alijaribu kushona bila mafundo. Kiua kimoja kilichukua saa ya chakula nzima, tena kikatoka kama jicho la mtu aliyelia. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na tisa. Akamtazama Metrine, Metrine akamtazama yeye.

"Yalla, funga," Metrine alisema. "Tutaongea na nyanya yako mbele ya safari."

Kofia ilikamilika siku moja kabla ya safari, viua mia nne na kumi na viwili, na nje, jamani, ilikuwa kofia. Nyeupe, imesimama, maua yamekaa safu kwa safu. Ukiitazama nje ungesema imetoka Barawa kwa mkono wa mama aliyeshona tangu utotoni. Ruqayya aliifunga kwa khanga, sindano zilizobaki, pamoja na koleo lake, akazitia ndani ya begi la kupakiwa kwa sababu aliona dhambi kuzitupa, wakapanda ndege yeye na Metrine, ambaye alikuwa ameomba likizo ya siku tano kwa madai kwamba yeye ni sehemu ya kofia.

Jumatatu alasiri nyumba ya Al-Baghdadiyah ilijaa wanawake. Shangazi Salha, binti mkubwa wa Bibi, mwanamke mwenye sauti ya kuamuru harusi tatu kwa pamoja, alikaanga buni, punje za kahawa, kwa samli mpaka ngazi nzima ikanukia. Mabinti wa ukoo walikaa pembeni na simu zao, wakisubiri kuambiwa wafanye nini ili wasifanye. Metrine alimwamkia Bibi kwa adabu, akapewa buni, akazitafuna akiwa na mashaka kisha akaomba nyingine. Bibi Shamsi alikuwa kwenye godoro lake chini ya dirisha, kitambaa cha kofia mapajani, buibui yake nyeusi imenyooshwa, amekaa kama kadhi.

Kofia ilipotolewa kwenye khanga, wanawake walivuta pumzi. Ikapita mkono kwa mkono kwa upande wa nje, kila mmoja na sifa zake. Shangazi Salha alisema hajaona viua vilivyolingana namna hiyo tangu mama yake alipokuwa kijana. Ruqayya alikuwa amekaa na mikono chini ya mapaja yake, akiomba Mungu kofia hiyo isahau kugeuzwa. Ikafika kwa Bibi. Bibi akaigeuza.

Vidole vyake vilianza juu, kwenye duara, vikasimama. Vikasogea kidogo, vikasimama tena. Vikashuka kwenye ukanda, vikazunguka wote, polepole sana, na kadiri vilivyozunguka ndivyo mabinti walivyoziacha simu mmoja mmoja.

"Hii imeshonwa na nani?" Bibi aliuliza.

"Na mimi, Bibi."

"Mafundo yote haya?"

"Yote ni yangu."

"Hakuna mtu wa kwetu anayefunga hivi," Bibi alisema. "Hata mtoto anayejifunza hafungi hivi. Mkono huu siujui, Ruqayya. Umeinunua."

Njia ya mwongo ni fupi, na kibaya zaidi ni kwamba siku atakaposema kweli hakuna atakayempisha. Ruqayya aliapa, akaeleza mambo ya sindano, saa za chakula, mkono unaokwenda wenyewe. Shangazi Salha akamkumbusha mbele ya wote kwamba miezi saba alikuwa akisema anaendelea, halafu leo anasema kofia nzima imeshonwa kwa siku thelathini na kitu. Sasa wamwamini Ruqayya yupi? Metrine alijitosa kumwokoa. Alisema yeye ni shahidi, Bibi, kwa sababu kofia hii kuanzia mwanzo ni yeye aliyekuwa ameishika. Wanawake wakageukiana: kumbe walikuwa wawili. Kesi ikawa mbaya zaidi ya pale ilipoanzia.

Bibi aliiweka kofia kando. Alisema, bila hasira, na hilo ndilo lililoumiza, kwamba Salha ampigie mama yake Muhidini amwombe radhi. Ruqayya alimwona mama mkwe akipanda ndege na masanduku yake, akamwona Muhidini akitabasamu kichwa wazi, na machozi yakamtoka hapohapo. Hakujificha. Alikuwa amedanganya miezi saba na hakuna aliyemgundua, na sasa ananyimwa harusi kwa kazi aliyoifanya kwa jasho lake.

"Basi nipeni kitambaa," alisema. "Nishone hapa hapa, mbele yenu."

Begi likaletwa. Akatoa koleo, akafungua pakiti, na sindano ile iliyopinda ikameremeta. Shangazi Salha aliuliza kama hiyo ni ndoano ya samaki. Metrine akapiga magoti, akakibana kitambaa pale anapojua yeye, na Ruqayya akashona. Zungusha, vuta, funga, kata. Kiua cha kwanza kilikuwa tayari kabla shangazi hajamaliza kumcheka. Wakati wa cha pili mabinti wawili walikuwa wamesogea. Wakati wa cha nne mabinti wote walikuwa wamemzunguka, mmoja akiuliza kama anaweza kushika hilo koleo, na wanawake waliokuwa wamewaomba mabinti hao miaka kumi waje wajifunze kushona walibaki wameduwaa.

Bibi alinyoosha mkono apewe kitambaa. Akayapapasa mafundo manne, akaichukua kofia, akayapapasa ya kofia, akarudi kwenye kitambaa. Alifanya hivyo mara tatu.

"Mkono ni huu huu," alisema mwisho. "Mkono mbaya, lakini ni wake."

Kisha akauliza sababu ya mafundo, na Ruqayya akajibu kama angemjibu mwenye paka: kila mshono unajitegemea. Mmoja ukikatika, mingine inashika, na mgonjwa hafunguki.  Bibi akasimulia jambo ambalo hata Salha hakuwahi kulisikia. Kofia ya harusi ya marehemu mumewe aliishona mwenyewe, uzi mmoja, bila fundo, ikasifiwa Barawa nzima. Siku waliyokimbia, kijana mwenye bunduki aliinyofoa kichwani mwa mzee kwa dhihaka akaitupa chini, uzi ukakatika mahali pamoja tu. Walipofika Mombasa nusu ya viua vilikuwa vimeshafunguka, na kila siku kambini vilifunguka vingine, mpaka akabaki na kitambaa chenye vitobo. Mzee alifariki bila kuivaa tena. Bibi alisema alilia kwa ajili ya kofia kuliko alivyolia kwa ajili ya nyumba, na hajui kwa nini.

 Kisha Bibi akawaambia wote waende wakaswali alasiri, wakati unapita, isipokuwa Ruqayya. Walipotoka, akakunjua mkono.

"Nipe hiyo sindano yako. Na uzi, nitungie."

"Haina haja ya kutungwa, Bibi."

"Tundu lake liko wapi?"

"Haina tundu. Uzi umeunganishwa nayo huko huko kiwandani."

Bibi Shamsi aliishika sindano ile na kuizungusha kati ya vidole, upande huu na upande huu, akitafuta tundu ambalo halikuwapo. Ruqayya alimwambia ageukie dirishani apate mwanga. Bibi akasema mwanga haumsaidii kitu. Alilisema kama jambo la kawaida, na Ruqayya, aliyekuwa anakunja khanga, akaacha kukunja.

Akapiga magoti mbele yake, akamshika kidevu, akamwangalia machoni. Maisha yake yote alikuwa akibusu mkono wa bibi huyu na kuinamisha kichwa kwa heshima, na zahanati ilikuwa imempa tabia ya kutazama kila jicho linalopita mbele yake isipokuwa hili. Ukungu mweupe ulikuwa umejaa macho yote mawili. Angeuona kwa paka akiwa mlangoni.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili na kitu."

"Na hiyo kofia ya Ami?"

Bibi akamsogezea kitambaa kilichokuwa mapajani. Viua safu mbili na nusu, vya mkono wa zamani, visivyo na kasoro, na baada ya hapo vitobo vitupu. Uzi ulikuwa umechakaa ukawa wa kijivu kwa kupapaswa.

"Nimekuwa nikikaa nayo ili watu wanione nayo," Bibi alisema. "Sindano siwezi kuitunga. Nikimwomba mtoto anitungie, atajua. Na nikishona sijui nimeishia wapi, napita kitobo, narudi, nafumua. Nikasema, kabla hawajanivua kazi hii, lazima mmoja wao awe anaiweza. Ndiyo sababu nikaapa. Nilikuonea, mwanangu."

Ruqayya alilaza kichwa chake juu ya mapaja hayo, juu ya kofia isiyoisha, akalia kwa sauti, na Bibi akamwacha alie huku akimpapasa nywele. Walikuwa wametiana uongo kwenye simu kila Ijumaa, wote wawili, na kila mmoja alikuwa na haya mbele ya mwenzake. Alilia kwa sababu alimpenda na kwa sababu alikuwa hajamtazama. Bibi alipoona yametosha, alimwambia aondoe kichwa, anamlowanishia kazi.

Kisha akashona. Ruqayya alimwekea koleo mkononi, akamwonyesha mzunguko kwa kuvishika vidole vyake. Kiua cha kwanza kilienda upande. Fundo lake lilikuwa kubwa mno, lakini kidole cha Bibi kikalikuta bila taabu, kikajua pale ndipo alipoishia, kikahamia kitobo kinachofuata. Akashona cha pili. Akakirudia kukipapasa, akacheka peke yake kicheko kidogo ambacho Ruqayya hakuwa amekisikia tangu aondoke nyumbani kwenda Khartoum.

Wanawake waliporudi wakiwa bado na mitandio ya swala, walimkuta hivyo. Ruqayya alimtazama Bibi kuona kama afiche, ajifanye anamfundisha mchezo tu. Bibi hakumngoja.

"Salha," alisema, "nikaha ni Alhamisi. Kofia ni ya kwetu na mafundo yake. Na nyote mjue kwamba mimi sioni."

Palitokea kilio, halafu makelele, halafu kila mmoja akawa na daktari wake anayemjua. Metrine, ambaye Chimiini kilimpita zaidi ya nusu, alielewa macho ya Bibi na kukaa chini taratibu. Shangazi Salha alitaka kumnyang'anya mama yake sindano asije akajichoma. Bibi alimpiga kofi la mkono, dogo, kama la kumfukuza nzi. Hospitali ataenda, alisema, baada ya harusi, kwa sharti kwamba asije mtu akamshika mkono sebuleni mwake mwenyewe akimwonyesha njia ya chooni.

Alhamisi Muhidini aliozeshwa akiwa na kofia iliyomkaa sawasawa, jambo lililowashangaza wote waliokijua kichwa hicho. Aliivaa saa sita mfululizo, na alipoivua kusalimiana na mama yake, paji lake lote lilikuwa limechapwa vidoti vyekundu vya mafundo, kutoka sikio hadi sikio. Aliulizwa kama inauma. Alisema inauma sana, akairudisha kichwani.

Bibi Shamsi alikaa pembeni ya ukumbi na kofia ya mwanawe mapajani, wageni wakija kumpongeza nao wakijibiwa bila mikono kusimama. Ruqayya alipokuja kumbusu, na hina yake na dhahabu yake, Bibi alimuuliza boksi lile lina sindano ngapi zilizobaki. Zilikuwa ishirini na nne. Bibi akapiga hesabu kimoyomoyo, akasema zitamfikisha Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, na zikiisha Ruqayya amletee nyingine mwenyewe kwa mkono wake, wala asimtume mtu, wala asipige simu.